Daftari la Baudilio Oyarzo

Baba alitengeneza majokofu Punta Arenas,
mji ambao watu walimcheka: "Jokofu la nini huku?
Weka nyama dirishani, upepo utakulindia."
Lakini kulikuwa na viwanda vya samaki, chanjo za hospitali,
bucha la Zlatar lenye kompresa mbovu.
Vilimlisha, naye akatulisha.

Kila kazi aliiandika kwa penseli ya seremala:
tarehe, jina, gramu.
Mjane Barrientos, gramu mia moja themanini.
Bucha la Zlatar, kilo mbili na nusu. Tena.
Hilo "tena" alilipigia mstari.

Aliipenda ile gesi
kama mtu anavyompenda kibarua asiyelalamika.
Kabla yake kulikuwa na amonia,
iliyomtoa Ruperto Cárcamo jicho.
Hii haiwaki, hainuki, haili chuma wala pafu.
Alifungua valvu mbele ya wateja, ikampuliza usoni,
akacheka: "Mnaona?"
Iliyobaki kwenye bomba akaiachia dirishani,
sssss,
ikaenda zake.

Mwenda pole ndiye mla nyama.
Kwa kuwa haikugombana na kitu huku chini,
mvua haikuiosha, jani halikuimeza,
ilipanda, mwaka baada ya mwaka,
kaboni moja imeshikana mikono na klorini mbili na florini mbili,
hadi pale ambapo jua halijachujwa.
Huko mwale wa urujuanimno ukaipiga kiungoni.
Klorini ikachomoka, peke yake, na njaa.

Ozoni ni oksijeni tatu zilizobanana benchi la wawili.
Klorini inanyakua moja, inaiacha jozi,
inakutana na oksijeni mpweke, inamkabidhi alichoibiwa jirani,
inabaki mikono mitupu,
na ubaya wenyewe ndio huo, kwamba inabaki mikono mitupu.
Mara elfu. Mara makumi elfu.
Tena.

Mwezi wa tisa jua linarudi kusini kabisa,
linaikuta klorini imeamshwa na mawingu ya barafu,
na paa letu linatoboka.
Shuleni walitundika taa ya jua;
siku ya zambarau mwanangu Gaspar alicheza ndani.
Waandishi walikuja kutafuta kondoo vipofu.
Daktari wa mifugo akawaambia ni ugonjwa wa macho wa kawaida,
wakaondoka wamenuna.
Mimi nilitazama masikio ya baba,
yakibabuka kama ganda la kitunguu.
Yeye alisema ni upepo.

Jana nimejumlisha daftari,
miaka ishirini na mitatu, kurasa zinateleza mafuta.
Kilo mia nne na kumi na mbili.
Na anayejaza hujaza kilichovuja:
kila gramu ya penseli ina mwenzake aliyetangulia juu.
Baba amelala chini ya misipresi iliyonyolewa mviringo,
mwaka wa kumi na moja sasa.
Gesi yake ya mwaka wa sabini na nane ingali hewani.
Tulizaliwa mwaka mmoja, mimi na hiyo.
Itanizika.

Sikai hapa kumshtaki.
Serikali zilikubaliana, viwanda vikafunga bomba,
wanasema tundu linaziba, kwa mwendo wa kobe,
na miaka mingine linasahau kuziba.
Baba alisoma habari hizo gazetini,
akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma upya.
Kesho yake alikopa fedha akanunua mashine ya kunyonya gesi.
Hakutuambia neno.
Ila tangu hapo, pembeni ya kila gramu,
aliongeza kwa herufi ndogo: nimerudisha.

Leo asubuhi wameleta friji kuukuu, rangi ya maziwa,
mlango umefungwa kwa mshipi wa suruali.
Nimeunganisha mpira. Nimechonga penseli.
Kabla ya kuwasha mashine nimeinama,
sikio kwenye valvu,
nisikilize kama kuna kitu kinapumua.